Raleigh ya babu imeongezwa bomba la pili, nilikate au niliache?

KijanaWaNewala:
Wadau wa baiskeli za zamani habari zenu, wakubwa shikamooni. Nimeachiwa Raleigh ya babu, ile kubwa ya tairi 28, breki za vyuma, nembo ya kichwa cha korongo bado ipo pale shingoni. Sasa chini ya bomba la juu kuna bomba lingine limeungwa toka shingoni mpaka bomba la siti, na sio la kiwandani maana ni nene kidogo na halina kiungio, limechongwa mdomo likakaa sawasawa juu ya bomba lenzake. Bi mkubwa anasema babu aliliweka kwa fundi mmoja Masasi, enzi hizo anabeba magunia ya korosho na madumu ya maji kupandisha toka bondeni, fremu ilikuwa imeanza kuyumba. Kuna jamaa kanambia nilikate, nipige rangi nyeusi iwe kama ilivyotoka Uingereza ndo itakuwa na thamani. Moyo unasita. Mnaonaje? Na ntajuaje ni ya mwaka gani?

Fundi_Mikindani:
Njomba usiguse grainda kwanza. Kwangua kidogo tu kwa chini pale lilipoungwa, ukiona njano imeungwa kwa shaba na gesi, ukiona mabonge ya chuma cheupe hiyo ni weldi ya umeme. Kama ni shaba basi huyo fundi alikuwa anajua kazi, kwasababu Raleigh wenyewe kule Nottingham walikuwa wanaunga hivyo hivyo, bomba linaingia kwenye kiungio, shaba inayeyuka kwenye nyuzi joto 900 hivi inapenya katikati na chuma chenyewe hakiyeyuki. Kulitoa sasa ni lazima upashe moto tena, shingo ikipinda hata kidogo baiskeli itavuta upande maisha yake yote, na ukikata kwa grainda ukikosea unakula bomba la babu.

Mwaka angalia habu ya nyuma, kile kitovu cha tairi spoku zinapoanzia. Kama ina gia tatu itakuwa imeandikwa Sturmey-Archer AW na pembeni namba, mfano 58 na 3, yani Machi 1958. Hiyo ni tarehe ya habu lakini, kama iliwahi kubadilishwa haikwambii kuhusu fremu.

Mzee wa Lindi:
Mimi kwenye hili napingana na fundi. Baiskeli ya kiwandani ina heshima yake, Raleigh wameanza miaka ya 1880, jina lenyewe ni la mtaa wa Nottingham walipoanzia, na ule mchoro wa fremu yao kubwa umenyooka hauna kitu cha kuongeza. Anaeijua akiiona na bomba la pili anajua imeguswa. Kama kuna fundi makini wa gesi irudishwe.

Spoku Mbili:
Shikamoo mzee wangu, naelewa unachosema ila naomba nikuletee upande mwingine maana hili jambo nalipenda sana.

Fremu ambazo wapenzi wa baiskeli duniani wanazitafuta kwa udi na uvumba nyingi sio zile zilizonyooka. Hetchins wa Tottenham, London, kuanzia miaka ya 1930 bomba zao za nyuma wamezikunja kwa mawimbi, ukiitazama kwa pembeni unaijua kabla hujasoma jina. Baines wa Bradford walisimamisha bomba la siti wima mbele ya tairi la nyuma ili tairi zisogeleane, watu wakaiita geti linaloruka. Pedersen, Mdenmaki aliyekuwa anaishi Dursley huko Uingereza, miaka ya 1890 alitengeneza fremu ya vibomba vyembamba vya pembetatu tupu na siti ya kamba zilizosukwa inayoning'inia kama machela. Alianzia kwenye siti, alitaka kukaa vizuri, fremu akaijenga kuizunguka.

Sasa fundi wa Masasi kafanya nini tofauti? Kaletewa fremu na mtu mwenye mzigo wake na njia yake, akaangalia inayumbia wapi, akaongeza chuma pale pale. Angalia alivyochonga ule mdomo wa bomba ukakaa bila nafasi, ile ni tupa na jicho, hakuna mashine pale. Raleigh nyeusi za kiwandani zipo nyingi sana duniani, hii ya babu ipo Newala peke yake. Dogo ukilikata bomba hilo unakuwa umeikata kazi ya fundi wetu ili ibaki ya Nottingham tu, mimi roho itaniuma kwakweli.

Na rangi usipige. Osha kwa maji ya sabuni, kausha, pitisha mafuta mepesi. Petroli na thina weka mbali, ile michirizi ya dhahabu ikiondoka hairudi.

KijanaWaNewala:
Nimekwangua, ni njano kabisa!! Shaba. Habu haina gia kwaiyo mwaka bado. Bomba linabaki, nimeamua. Ila tairi zimekwisha na pale kwenye ekseli ya pedeli panacheza, nikitia vya Phoenix, zile baiskeli za Kichina, vitakaa?

Fundi_Mikindani:
Tairi ndio, 28 kwa 1½ ni ile ile, hakikisha ubavuni imeandikwa 635. Bakuli za gololi HAPANA, Raleigh wana uzi wao wa kukazia kama wa skrubu, nyuzi 26 kwa inchi wakati za kawaida za Uingereza ni 24, ukilazimisha unaharibu fremu. Bakuli za zamani usizitupe hata kama zina alama, badilisha gololi tu na grisi mpya, mara nyingi panatulia. Na ukiifungua mwaga mafuta ya injini ndani ya mabomba uigeuze geuze, hasa kama utashuka nayo huku pwani, chumvi inakula kwa ndani.

Mzee wa Lindi:
Marahaba Spoku Mbili. Kama ni shaba na mdomo umekaa hivyo basi iacheni. Kijana tuwekee picha ya hapo shingoni, kwa karibu, jua la asubuhi.