Mrejesho: zile taa za sola za bustanini zimewaka tena

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini taa zangu 6 za sola, zile za kuchomeka ardhini, hapa Pasiansi, Mwanza, zinazima saa 2 usiku na hazijafikisha hata miaka 2. Wengi mlisema betri zimechoka, wengine mkasema nitupe zote.

Nilianza na paneli. Jamani! Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu la moshi walikuwa wamegandia juu yake na vumbi. Nilipitisha kidole chenye maji kikatoka na uji wa kijivu. Kitambaa laini na sabuni kidogo vilitosha. Msitumie stilwaya, inakwaruza plastiki na mwanga haupiti vizuri tena.

Taa 2 zilipona hapo hapo. Nne zilizobaki nikafungua: ndani kuna betri ndogo ya kuchaji ya volti 1.2, na springi zimeota kutu ya kijani. Nikasugua kwa mswaki na siki, nikaacha zikauke, nikaweka betri mpya za kuchaji. Tafadhali msiweke betri za kawaida za redio, hazikuundwa kuchajiwa na zinaweza kuvuja.

Tatu zimewaka. Moja iliingia maji ya mvua, saketi imekufa.

Aliyenishauri nizibe paneli kwa kiganja ili kuijaribu taa mchana, asante sana ndugu yangu, umeniokolea muda. Leo saa 10 alfajiri nilichungulia dirishani, zote 5 bado zinawaka.