Je, askofu wa Kilutheri ana daraja la juu kuliko mchungaji?

Msharika Mpya:
Bwana asifiwe, ndugu zangu. Nimelelewa katika kanisa ambalo kipaimara kilitolewa na askofu, lakini katika usharika wa Kilutheri niliohamia ni mchungaji aliyewawekea vijana mikono. Je, alipewa ruhusa maalumu, au askofu wa Kilutheri ni mchungaji tu mwenye cheo?

Mwalimu wa Kipaimara:
Ndugu, kwanza kipaimara si sakramenti kwetu, na hakuna kilichomzuia mchungaji wako kukiendesha. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, yaani tamko la imani la Walutheri, linatambua huduma moja, yaani kuhubiri Injili na kutoa sakramenti, na kifungu cha 14 kinadai tu kwamba anayeifanya hadharani awe ameitwa kwa utaratibu. Kwa hiyo mtu akiwekwa kuwa askofu hapandishwi daraja mbele za Mungu. Anakabidhiwa eneo pana zaidi.

Mzee wa Kanisa:
Nakubali, ingawa hilo neno "tu" katika "mchungaji tu mwenye cheo" linanisumbua. Askofu ndiye anayebariki wachungaji wapya, yaani kuwaweka wakfu, anayezitembelea sharika, anayelinda mafundisho na kumwonya mchungaji aliyekengeuka, na kazi hizo si ndogo. Kifungu cha 28 kinampa mamlaka hayo kwa njia ya Neno, bila upanga. Muundo ndio unaotofautiana: Uswidi ilibaki na maaskofu wakati wa Matengenezo ya Kanisa, Ujerumani watawala walikuwa wakuu wa kanisa hadi 1918, na Sinodi ya Missouri huko Marekani huongozwa na marais, wala hakuna anayesema si Walutheri.

Msharika Mpya:
Asante, Mzee. Basi mchungaji akimbariki mchungaji mwenzake, je, ni halali?

Mwalimu wa Kipaimara:
Melanchthon, mwenzake Luther aliyeandika Ungamo la Augsburg, alilijibu swali hilo mwaka 1537: kwa kuwa kwa sheria ya Mungu askofu na mchungaji hawatofautiani, mchungaji akimbariki mtu katika kanisa lake, tendo hilo ni halali. Mwaka huohuo Bugenhagen, mchungaji wa Wittenberg ambaye hakuwa askofu, aliwaweka wakfu wasimamizi saba wa kanisa la Denmaki. Hata hivyo, penye askofu, mchungaji asijichukulie kazi hiyo, kwa sababu huo utaratibu wa wito unamhusu mchungaji pia.