Swali la akiba: dirhamu zikae Sharjah au ziletwe Mombasa?

Kutoka: Sharjah

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Nina akiba ya dirhamu niliyoikusanya kwa miaka sita, na kiwanja changu cha Mtwapa kimesimama kwenye msingi. Benki Kuu ya Kenya ilianza kushusha riba yake Agosti 2024, na ile ya Marekani ilianza kushusha mwezi uliofuata. Wenzangu wengine wananihimiza nilete fedha zote sasa ninunue hati fungani za serikali, yaani niikopeshe serikali kwa riba, wengine wanasema nisubiri kwanza shilingi ianguke. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kulipitia jambo hili, kwa maana fedha hizi ndizo jasho langu lote.

Kutoka: Mombasa

Waaleikum salaam, mdogo wangu. Nimelipitia, tena kwa hasara, kwa hiyo uniwie radhi nikijibu kwa kirefu.

Kwanza ufahamu kwamba dirhamu yako ni dola kwa jina jingine. Tangu 1997 imefungwa kwa 3.6725 kwa dola moja, na kwa sababu hiyo Benki Kuu ya Imarati huwa haina budi kuifuata ile ya Marekani katika mambo ya riba, hata pale ambapo hali ya kazi huko Ghuba inataka kinyume chake. Nilikuwa Dubai mnamo Novemba 2009, wakati kampuni ya Dubai World ilipoomba iahirishiwe malipo ya madeni yake, na niliona kreni zikisimama na wenzetu wakirudishwa makwao. Riba ya Marekani ilikuwa imeshashushwa tangu Desemba 2008 hadi kati ya sifuri na asilimia 0.25, na ikabaki hapo hadi Desemba 2015. Tulidhani kwamba riba ikishuka, kazi zitarudi. Hazikurudi upesi, kwa sababu watu na makampuni walikuwa wakilipa madeni ya zamani badala ya kuchukua mapya, na mabenki nayo yalikuwa yakiogopa kukopesha. Benki Kuu ya Marekani, ikiwa imeshafika sifuri na haina pa kushuka tena, ikaanza kununua hati fungani kwa fedha ilizoziunda yenyewe. Novemba 2010 ilitangaza dola bilioni 600 nyingine.

Kwa mwenye akiba, hali hiyo ilikuwa na maana moja: fedha zako zimekaa benki na hazizai kitu. Mimi sikuvumilia. Mwanzoni mwa 2011, dola ikiwa karibu shilingi 81, nilibadilisha dirhamu zangu zote, nikarudi Mombasa, na juu ya fedha hizo nikachukua mkopo wa benki ili niimalize nyumba ya Kisauni. Riba ya mkopo ule ilikuwa ya kubadilika, na sikuuliza inabadilika hadi wapi.

Mwaka ule ukame ulipandisha bei ya unga, mafuta yalipanda bei duniani, Ulaya ilikuwa katika msukosuko wa madeni, na shilingi ikaanguka hadi kufikia 107 kwa dola mwezi wa Oktoba. Mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 20. Benki Kuu yetu, ambayo mnamo Septemba riba yake ilikuwa asilimia 7, iliipandisha hadi 11 Oktoba, 16.5 Novemba na 18 Desemba. Barua niliyopokea kutoka benki yangu ilikuwa ya aya mbili tu, na malipo ya kila mwezi yakapanda kupita nilivyoweza kubeba. Vyuma na vigae, ambavyo huingia kwa meli pale Kilindini na hununuliwa kwa dola, vilipanda pia. Dirhamu ambazo zingeniokoa nilikuwa nimeshazibadilisha. Mke wangu aliuza bangili zake za dhahabu bila kuniambia neno, na jambo hilo bado linaniuma.

Huenda ukaniambia kwamba nilikosea wakati tu. Hebu tazama hesabu hizi mbili. Aliyebadilisha dola 1,000 mwanzoni mwa 2023 alipata takriban shilingi 123,000. Tuseme aliziweka kwa asilimia 10, zikawa 135,300. Mwaka mmoja baadaye dola ilikuwa imefika 160, kwa hiyo mtu huyo alibakiwa na dola 846 hivi, pamoja na riba yote aliyoipata. Mwingine aliyebadilisha Januari 2024 kwa 160 alifurahi sana, kwa sababu mnamo Februari serikali iliuza hati fungani mpya ya dola ili kulipa ile ya dola bilioni 2 iliyokuwa ikiiva mwezi wa Juni, hofu ikapungua, na shilingi ikapanda hadi kukaribia 130. Watu hawa wawili hawakutofautiana kwa akili. Hata asilimia 18.46 iliyotolewa na hati fungani ya serikali ya miundombinu mwezi ule wa Februari ilikuwa kubwa kwa sababu wengi waliogopa kuishika shilingi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiulize riba inaelekea wapi. Uliza unadaiwa kwa sarafu gani. Fundi, mawe na mshahara wa mlinzi ni shilingi: fedha za hatua moja ya ujenzi zilete hatua hiyo inapoanza, na usilete za paa wakati bado uko kwenye kuta. Mahitaji ya miezi sita yako wewe huko yabaki dirhamu, kwa sababu ukipoteza kazi Sharjah utapoteza na kibali cha kukaa, na nauli ya kurudi hailipwi kwa hati fungani. Hati fungani si mbaya ikiwa shilingi hizo utazitumia hapa hapa. Na kama unaepuka riba, kama tulivyo wengi, jua kwamba hata bei ya murabaha, ambapo benki hununua kitu na kukuuzia kwa faida, hupangwa kwa kutazama soko lile lile, kwa hiyo mkataba usome mstari kwa mstari.

Kutoka: Leicester

Kaka wa Mombasa, ahsante. Naongeza la upande wa huku. Mwaka wa 2021, riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilipokuwa asilimia 0.1, tulinunua nyumba kwa mkopo uliofungwa kwa miaka mitano. Kufikia Agosti 2023 riba hiyo ilikuwa 5.25, na ingawa imeshuka tangu wakati huo, haijarudi karibu na tulipoanzia. Mkataba wetu unakwisha Machi, na malipo yatapanda. Wengi wetu hujikaza kimya hadi siku ya kutuma ifike, kisha nyumbani wakadhani tumebadilika tabia. Mimi nimempigia baba simu mapema, nikamweleza kwamba kuanzia Aprili nitatuma pauni 150 badala ya 250, na kwamba sababu ni nyumba. Aliuliza swali moja tu, kama ada ya mdogo wetu ya muhula wa pili itapatikana. Itapatikana, nimeshaitenga.