Naomba ushauri: akaunti ya mgeni kwenye Windows 11

Wakuu, akaunti ya Guest ya zamani haitumiki tena, na jina lenyewe linakataliwa. Kwa hiyo nimefungua Command Prompt kama msimamizi, nikaandika: net user Mgeni /add. Folda zangu ndani ya C:\Users hazifunguki kwake, safi.

Shida ni diski D. Ruhusa zake za awali zinamwachia kila mtumiaji asome, hata afute. BitLocker (ufungaji wa diski kwa usimbaji wa Windows) haisaidii hapa. Diski ikishafunguliwa, imefunguka kwa wote. Nikiondoa makundi ya Users na Authenticated Users kwenye kichupo cha Security cha diski hiyo, baada ya kujiongeza mwenyewe kwanza, kuna programu zitagoma?

Pia mgeni akitoka, faili na kuki zake zinabaki (kwenye Mac hujifuta zenyewe). Kumhamishia kundi la Guests kunatosha?