Majirani Nyasaka Juu: mashine inalia kila mahali

*Jumamosi*

Mama Kulwa: Mwangaluka majirani. Mpima ardhi kathibitisha anakuja Jumatatu asubuhi. Kaomba tuzitafute bikoni za zamani, zile alama za zege za mipaka ya viwanja, kabla hajafika, maana mvua zimeshusha udongo wote wa kilimani na hazionekani tena.

Mzee Shija: Mwangaluka mama. Ya kwangu naijua ilipo. Iko nyuma ya mwembe.

Baba Kulwa: Shikamoo mzee. Mwembe huo huo tunaovutania?

Mzee Shija: Marahaba. Sijasema mwembe ni wa nani. Nimesema bikoni iko nyuma yake.

Mwenyekiti: Jamani, mapema yote hii. Tuvumiliane.

Dotto: Shemeji yangu wa Nyarugusu, kule machimboni Geita, kaniazima detekta, mashine ya kutafutia dhahabu. Bikoni ina kipande cha nondo katikati ya zege, si itaisikia? Naingia kazini sasa hivi.

Mama Kulwa: Mungu akubariki baba.

*9:40*

Dotto: Mashine inalia kila mahali. Yaani KILA mahali. Nyuma ya mwembe inalia, mbele ya mwembe inalia, nikisogea kwa kina Neema inalia.

Mzee Shija: Nyuma ya mwembe imelia. Nilisema mimi.

Baba Kulwa: Na mbele pia mzee, soma ujumbe wote.

Dotto: Tumeshachimba. Misumari ya bati, kizibo cha soda, waya wa kufungia nondo. Shimo la mwisho hatukukuta kitu na mlio wenyewe ukapotea.

Neema: Labda tumekalia dhahabu jamani 😂

Mwenyekiti: Neema usituletee rashi ya wachimbaji hapa mtaani. Wakisikia watu wa Geita tutaamka hatuna hata choo.

Dotto: Ngoja nimuunge shemeji mwenyewe.

*Dotto amemwongeza Masanja*

Masanja: Shikamooni wakubwa. Dotto acha kuchimba kwanza. Simama, nyanyua sahani, ile duara ya chini ya mashine, usawa wa kifua, usiipeleke popote. Ishike tu. Inalia?

Dotto: Inalia kama kuku aliyeona mwewe.

Masanja: Basi hiyo hailii chuma cha ardhini. Hakuna bikoni inayoelea. Hizo ni kelele za hewani. Umesimama karibu na nini?

Dotto: Nguzo ya umeme. Transfoma iko juu yake.

Masanja: Na simu yako iko wapi?

Dotto: Ndiyo hii naandikia.

Masanja: 🤦🏾‍♂️ Mpe mtu. Asogee nayo hatua kumi nyuma yako, akuandikie yeye.

Neema: Haya, naandika mimi Neema kwa simu yangu. Nimekaa mbali, juu ya jiwe la Mama Kulwa. Dotto anasema kelele zimepungua ila hazijaisha.

Mwl. Magesa: Nisaidie kueleza, wengine wanasoma tu. Ndani ya ile sahani kuna waya wa shaba uliozungushwa. Unatoa uga wa sumaku unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde. Chuma kilicho chini kinajibu, na sahani inasikiliza jibu lake. Sasa waya wa kuzunguka namna hiyo ni antena pia. Umeme wetu unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, ukichanganya na taa za bei rahisi, chaja na simu, vyote vinarusha takataka zao hewani. Mashine haijui kutofautisha, inapiga kelele tu.

Mama Kulwa: Kwa hiyo haijaharibika?

Masanja: Haijaharibika mama, inasikia kupita kiasi. Dotto sensitiviti, yaani usikivu wake, umeweka ngapi?

Neema: Anasema mwisho kabisa, ili iende chini zaidi.

Masanja: Kila mgeni wa mashine anafanya hivyo. Ishushe hadi nusu. Mahali penye kelele ukiishusha ndipo utasikia vizuri zaidi, kwa sababu mlio mdogo wa kweli ulikuwa umefunikwa. Halafu kuna kitufe cha kubadili chaneli, kibonyeze ukiwa umesimama, isubiri itafute pa kutulia. Na ukiigeuza sahani isimame upande, kelele zikapungua au kuongezeka, hiyo ni dalili nyingine ya kelele za hewani.

Neema: Kaigeuza. Ikiangalia kwenye nguzo inapiga, ikiipa nguzo ubavu inapoa kidogo.

*10:22*

Mama Kulwa: Umeme umekata huku.

Baba Kulwa: Huku pia. Samaki wangu kwenye friji 😩

Masanja: DOTTO PIMA SASA HIVI

Neema: Jamani imenyamaza!! Kasimama katikati ya kiwanja, kimya kabisa. Mzee Shija anacheka mwenyewe.

Neema: Ah. Imebaki moja. Inafanya tik… tik… tik… yaani sekunde moja, tik, sekunde moja, tik. Hajaigusa.

Masanja: Kuna nyumba hapo ina fensi ya umeme?

Mwenyekiti: Ile ya ghorofa, kule juu. Ina betri yake, haijali mgao.

Masanja: Ndiyo hiyo. Fensi inapiga mpigo kama kila sekunde moja. Mlio unaokwenda na saa hivyo hautoki ardhini. Muombeni mwenyewe aizime nusu saa, la sivyo Dotto ajifunze kuupuuza.

Mwenyekiti: Nimempigia, kakubali. Anauliza tu kama tumepata dhahabu. Neema unaona sasa.

Jackline (Dar): Mimi nawasoma tu kutoka Kigamboni. Tulijaribu mashine kama hiyo ufukweni, mchanga ukiwa mbichi inapiga ukunga wa ajabu, ukikauka inatulia. Ni mambo hayo hayo?

Masanja: Hapana dada, hiyo ni chumvi. Maji ya bahari yanapitisha umeme, mashine inayaona kama chuma. Ziwa Victoria ni maji baridi, ukienda Igombe hutaipata shida hiyo. Ziwani kinachosumbua ni mchanga mweusi, na mahali walipokuwa wanabanikia samaki. Udongo ulioungua moto wa muda mrefu unashika tabia ya sumaku, unalia hata kama hakuna kitu.

Mwl. Magesa: Kweli kabisa. Ndiyo maana tofali la kuchoma linalia, na la kufyatua la udongo mbichi wala.

Dotto kupitia Neema: Sasa hewa imetulia. Lakini akipeleka sahani kulia na kushoto, inalia kila ikipita mbele ya mguu wake wa kulia.

Masanja: Miguuni umevaa nini?

Neema: Buti zako ulizomwazimia pamoja na mashine 😂😂

Masanja: Zile za mgodini zina chuma kwenye vidole. Vua, vaa ndala. Na koleo lisiwe karibu, na mkanda, na funguo. Waya unaotoka kwenye sahani kwenda kwenye boksi umezungushwa kwenye mpini au unaning'inia?

Neema: Unaning'inia.

Masanja: Uzungushe, ukaze, na uangalie plagi yake imekaa sawasawa. Waya ukichezacheza karibu na sahani, sahani inauona unatembea, inakupa mlio mwishoni mwa kila mkupuo. Halafu vua kava la plastiki la chini.

Neema: Kalivua. Limejaa mchanga mweusi mweusi hivi. Mwl. Magesa kaleta sumaku ya spika iliyokufa. Jamani mchanga wote umerukia sumaku, chembe zimesimama wima, ukizifuta kwa kidole zinarudi.

Masanja: Huo mashine ilitoka nao Nyarugusu. Kuosha kava ni dakika moja, na watu wanaliacha wiki nzima wakiilaumu mashine.

*10:50*

Neema: Kaosha, karudisha. Sasa inalia sehemu mbili tu: njia ya gari ya Baba Kulwa, na pembeni ya mwembe.

Baba Kulwa: Njiani nilimwaga malori ya moramu mwaka jana.

Masanja: Moramu ina chuma chake cha asili, mawe mekundu yale. Okota moja, lipeleke mbele ya sahani, kisha mbele ya sumaku.

Neema: Linalia. Sumaku inalivuta kidogo, kwa uvivu.

Masanja: Sisi tunayaita mawe moto. Yanaua muda kuliko misumari. Dotto, rudi kwenye udongo wa kawaida usio na chuma, sahani ishuke ipande, ishuke ipande, huku unarekebisha mpaka sauti isibadilike ukikaribia ardhi. Hapo umeisawazisha na udongo wa hapo. Ukihamia kwenye moramu fanya upya. Mashine iliyosawazishwa kwenye udongo mmoja ikivuka kwenye mwingine lazima idanganye.

Mwl. Magesa: Na lile shimo tupu lililopoteza mlio?

Masanja: Mara nyingi ni jiwe moto lililotoka na kifusi, au msumari ulioozea kabisa, kutu yake imesambaa kwenye udongo. Ukivuruga udongo, mlio unaondoka nao. Pitisha sahani juu ya kifusi ulichotoa kabla hujaendelea kwenda chini.

Mzee Shija: Kijana, mimi nataka kujua habari za pembeni ya mwembe.

Masanja: Mzee nakuja huko. Dotto, hapo pita kutoka mashariki kwenda magharibi, halafu kata msalaba, kaskazini kwenda kusini. Mlio wa kweli unarudi palepale pande zote. Wa uongo unahama, au unalia mara moja na kukataa mara ya pili.

Neema: Msalaba unakubali lakini sauti imekatikakatika, kama inataka na haitaki.

Masanja: Subiri. Kwenye kioo, alama ya kukataa chuma imewashwa?

Neema: Imewashwa.

Masanja: Hahaha. Kosa ni langu, niliiacha hivyo. Nikitafuta dhahabu naiambia isahau misumari. Nyie mnatafuta NONDO. Mashine imeambiwa inyamaze kwa kitu mnachokitaka, na vizibo vya soda vinapita kwa sababu bati bapa la mviringo linaidanganya linasikika kama madini ya maana. Zima hiyo alama, sikiliza chuma chote.

Neema: Weee. Sasa inapiga sauti moja nene, palepale, pande zote nne. Wanachimba.

*11:31*

Neema: Zege!! Kona moja imemegeka. Nondo katikati ina kutu. Kuna namba juu lakini imejaa tope. Iko hatua mbili kutoka mwembe, upande wa barabara.

Mzee Shija: Upande wa barabara ndiyo nyuma. Nikikaa barazani kwangu mwembe unanipa mgongo.

Baba Kulwa: Na mimi nikikaa kwangu hiyo ni mbele 😄 Mzee tuache Jumatatu iseme.

Mwenyekiti: Hakuna anayeigusa, hakuna anayeinyoosha hata kama imelala. Kuhamisha bikoni ni kosa kisheria. Mashine imetuonyesha chuma tu, mpaka wenyewe atausema mpima kwa ramani yake. Mama Kulwa linganisha namba na ile ya kwenye hati.

Mama Kulwa: Nimeiosha kwa maji na kitambaa, sikuisogeza. Herufi na tarakimu zote zinafanana na za kwenye hati yetu. Picha hii hapa. Wabeja sana Masanja.

Masanja: Karibuni. Iwekeeni vijiti pembeni watoto wasikanyage. Bado ngapi?

Dotto: Nimerudi kwenye simu yangu. Bado tatu. Ila mashine imeanza tena kukatakata milio, umeme haujarudi, fensi imezimwa, buti nimevua.

Masanja: Betri imebaki pau ngapi?

Dotto: Moja. Inapepesa.

Masanja: Basi usiisikilize tena leo, chochote itakachosema. Umeme ukirudi ichaji usiku kucha, mwendelee kesho mkitoka ibada ya kwanza. Asubuhi mapema, kabla watu hawajawasha vitu vyao.

Neema: Kesho nakuja na daftari. Naomba mashine ipite na kwetu, nilidondosha hereni moja pale kwenye kamba ya nguo Desemba.

Masanja: Dhahabu au fedha?

Neema: Ya kwenye gulio.

Masanja: Hiyo achia mfagio dada.