Kuandika siasa kwa jina la bandia ni uoga?

Mbuyu Mkavu:
Wakuu habari za jioni. Jana nimebishana na shemeji yangu mpaka chai ikapoa, yeye anasema ukitaka kuikosoa serikali weka jina na picha yako, ukijificha we mwoga tu. Mi mtumishi wa umma, niliwahi kuandika kwa jina langu kwenye grupu la wasapu la mtaa kuhusu pesa za vyoo vya shule, wiki hiyohiyo bosi kaniita nijieleze. Tangu hapo natumia aidii feki. Nina makosa?

Pweza wa Feri:
Shemeji ako kajiajiri bila shaka 😂 yeye kibarua hakiwezi kuota nyasi. Mkumbushe Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, Desemba 2016 walimkamata akalala mahabusu siku kadhaa, polisi walitaka taarifa za watu walioandika kwa majina ya bandia, akagoma kuwataja. Kesi zikamzungusha mahakama ya Kisutu weee, Aprili 2020 kwenye mojawapo akatiwa hatiani, faini milioni 3 au jela mwaka. Sasa kama maneno ya wasio na majina hayana thamani mbona wametafutwa hivyo?

Mama Karafuu:
Mi sijashawishika sana. Kuna watu nawasoma mwaka wa kumi huu sijui hata ke au me, ila lakabu yake nikiiona najua huyu haandiki pumba, hilo nalo ni jina kalijenga mwenyewe na akiongopa linachafuka. Hapo sawa. Shida yangu ni maslahi. Marekani 1787 wanasiasa Hamilton, Madison na Jay walipigia debe katiba mpya kwenye magazeti ya New York kwa jina moja la Publius, makala 85 mpaka 1788, na wawili kati yao walishiriki kwenye mkutano ulioiandika hiyo katiba! Msomaji alikuwa na haki ya kujua bana.

Kijiti:
Nchi hii watu wanachukuliwa na "wasiojulikana" halafu mwandishi asiyejulikana ndo mwoga. Haya.

Mbuyu Mkavu:
Mama Karafuu umenigusa. Basi maslahi yangu haya hapa, mwanangu yuko darasa la 4 shule hiyohiyo na choo cha wavulana kina matundu 3 tu. Jina silitoi.