Nataka kumpandisha baba jahazi wiki nzima Agosti, Mombasa mpaka Lamu na kurudi. Inawezekana?

mtoto_wa_kibokoni
Assalaam aleikum jamani. Baba yangu ana miaka 72, ujana wake wote alikuwa baharia wa majahazi ya boriti hapa Bandari ya Kale, sai ni miaka mingi hajakanyaga chombo na kila jioni anakwenda tu pale ukutani kuangalia maji. Watoto wakifunga shule Agosti nataka tuwe na wiki moja baharini, yeye, mama, mimi na mke wangu na watoto wawili (13 na 9). Nilivyopanga ni tutoke Mombasa kwa tanga, tulale Kilifi, Malindi, tufike Lamu tuzunguke visiwa alafu turudi na chombo hichohicho. Kuna mtu kaniambia wiki yatosha. Wenye kujua naomba mnisaidie manake pesa nimeiweka kidogo kidogo miaka miwili na hii safari sitaki iharibike.

wa_shela
Waaleikum salaam ndugu yangu, Mungu akujaalie kwa hilo unalomtendea mzee. Lakini huyo aliyekwambia wiki yatosha hakukufikiria upepo. Agosti ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Kwenda Lamu mtakwenda vizuri tu, kusi iko nyuma na mkondo wa maji nao wapanda kaskazini, ni kama maili 130 za baharini, jahazi likishika upepo ni safari ya usiku na mchana. Kurudi sasa ndiyo shida, upepo usoni, mkondo usoni, mtabisha, yaani kwenda pembepembe dhidi ya upepo, siku kwa siku, na kubisha jahazi si kama kubisha yoti, ile foromali, mti unaobeba tanga, yataka kuzungushwa mlingoti na watu wenye nguvu, chombo kinayumba na watoto wako ndani. Hata Flipflopi, lile dau la plastiki lililoundwa hapa kwetu Lamu, lilipokwenda Unguja mwanzo wa 2019 lilingoja kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, na ilichukua kama wiki mbili kwa sababu walikuwa wanapita miji njiani.

Mimi ningekuwa wewe ningepanda basi mpaka Mokowe, nivuke, nikodi mashua hukuhuku Lamu na wiki yote niimalize ndani ya visiwa. Kisiwa cha Manda na Pate vinakata mawimbi, kusi unaipata kwenye tanga lakini bahari haikupigi. Na kitu cha kupanga kwanza si hoteli, ni mwezi, manake ndio unaoendesha kujaa na kupwa kwa maji. Kwenda Takwa, yale magofu ya mji wa kale kisiwani Manda, ile njia ya mikokoni ikikauka hupiti, Mkanda kati ya Manda na bara ni vivyo hivyo, Siyu kule Pate pia. Bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hapa maji yanajaa mnamo saa kumi, alasiri na alfajiri, kwa hivyo ukiingia mikokoni alasiri umelala humo na mbu. Maji mafu, yale madogo ya nusu mwezi, nayo hayapandi ya kutosha. Siku nzuri ni zile tatu nne kabla ya mwezi kukamilika, maji yanajaa kati ya saa sita na saa nane mchana, unaingia, mzee anaswali, anaona lile kaburi la nguzo, unatoka na jua lingalipo. Sisi watu wa Shela twaenda Takwa kuomba mvua, wazee wetu walihama kutoka huko, mwambie baba, huenda anajua.

Kuhusu Kiwayu, huko juu ni karibu na mpaka wa Somalia, usijiamulie mwenyewe. Uliza polisi na manahodha wiki hiyohiyo unayokwenda, wakisema la, basi ishieni Faza, kisiwani Pate.

mama_wa_likoni
Kaka mimi naongea kama mama. Mwaka jana tulikodi chombo siku tatu tu, tukafika nje kabisa ndio nagundua laifu jaketi zote ni za watu wazima, mtoto wangu wa miaka saba inamtoka kichwani. Sikulala usiku ule. Tafadhali wavalishe wanao hizo jaketi nchi kavu kabla hujatoa hata shilingi ya arbuni. Maji ya kunywa na kupika hesabu lita tano kwa mtu kwa siku, nyinyi sita na mabaharia wawili ni madumu mawili ya lita ishirini kila siku, jazeni Lamu kabla hamjaondoka. Turubai la kivuli liwe kubwa. Na magoti ya mzee usiyasahau, kuingia na kutoka mashua maji yakipwa ni kutembea kwenye tope, tafuta chombo chenye ngazi na godoro zuri.

pwani_kusini
Kama lazima mtoke karibu na Mombasa basi Shimoni na Wasini, mnalala kisiwani, asubuhi Kisite kuangalia pomboo na matumbawe (KWS, shirika la wanyamapori, wana ada yao), lakini hiyo ni siku mbili tatu, wiki itawachosha. Msidanganywe kuvuka Pemba na watoto mwezi huo, kile kilindi kinakwenda mamia ya mita na kusi inakuja wazi bila kizuizi, na ni nchi nyingine, mtahitaji hati za kusafiria.

mtoto_wa_kibokoni
Wallahi nimewashukuru sana. Nimemsomea baba yote haya jana baada ya isha. Alinyamaza, alafu akaniuliza, "Mwezi utakuwa tarehe ngapi?" Tukatafuta kalenda pamoja, tukahesabu kwa vidole, akasema Mkanda aliwahi kukwama na mzigo wa boriti wakalala wima mpaka maji yalipojaa tena, sijawahi kuisikia hiyo hadithi maishani. Tunakwenda na basi. Wa_shela, swali moja la mwisho: nikikodi mashua, nahodha atakubali mzee ashike usukani kidogo?

wa_shela
Mwambie mapema, kabla ya bei. Mukiwa nyuma ya Manda upepo umetulia, hakuna nahodha wa huku atakayemnyima baharia mzee usukani. Na mletee mzee kofia, jua la Agosti baharini linadanganya kwa ule upepo.